Bima Ndogo na Bima Kubwa: Ipi Yakufaa?

Leo napenda tuzungumze habari ya jambo ambalo zamani liliwahusu watu wachache tu, bali sasa limeingia katika nyumba zetu wenyewe, nalo ni bima ya gari. Wazee wetu walipoiona motokaa ikipita walijua ya kuwa ndani yake yumo bwana mkubwa au tajiri. Siku hizi sivyo. Walimu, wauguzi, wakulima na wafanya biashara wengi wamejipatia magari na pikipiki. Gari huja nyumbani kwa furaha, majirani hulizunguka, watoto hulipigia makofi, na mwenyewe hukata bima kwa kuwa sheria yamlazimisha. Lakini ukimwuliza, "Bima yako ni ya namna gani?" aghalabu atakujibu, "Ni bima tu, ninayo stika." Jibu hilo limewaliza wengi. Sikilizeni habari ya mmoja wao.

Mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alinunua gari dogo lililotumika mwaka 2019. Bei yake ilikuwa shilingi 12,000,000. Katika fedha hizo, 3,000,000 zilikuwa akiba yake na ya mkewe, na 9,000,000 alikopa katika chama cha akiba na mikopo, azilipe kwa kukatwa mshahara muda wa miezi 36. Alipofika kwa wakala wa bima aliulizwa neno moja tu: "Ndogo au kubwa?" Naye akauliza bei. Ndogo ilikuwa shilingi 118,000 kwa mwaka. Kubwa ilikaribia 500,000. Mwalimu hakuuliza la pili. Akalipa 118,000, akaenda zake.

Usiku ule mkewe akamwuliza, "Baba watoto, hiyo bima yatulinda sisi, au yawalinda watu wa njiani?"

Mwalimu akacheka, akasema, "Mke wangu, bima ni bima. Polisi wakitusimamisha, tunayo."

Miezi minane ikapita. Jioni moja ya mvua alikuwa akirudi kutoka mjini, na penye kona akatokea mtu juu ya baiskeli bila taa. Mwalimu akakata usukani ili amwepuke, asiweze. Akamgonga na kumvunja mguu, na gari likaruka barabara, likatumbukia korongoni. Yeye alitoka na michubuko tu, lakini gari likawa halifai tena. Kampuni ya bima ilitimiza wajibu wake kwa yule wa baiskeli: ikalipa gharama za matibabu na fidia. Ndipo mwalimu akauliza, "Na gari langu je?" Akajibiwa, "Mwalimu, gari lako halimo katika bima hii."

Akanijia na hati mkononi, amejaa hasira, akidhani amedhulumiwa. Tukaketi barazani, tukaisoma mstari kwa mstari. Hakudhulumiwa. Maneno yote yalikuwamo tangu siku ya kwanza, ila yeye hakuyasoma. Kwa miezi 28 iliyobaki alikatwa mshahara kwa ajili ya gari lililokwisha kuwa chuma chakavu, na binti yake mkubwa akakaa nyumbani mwaka mzima akingojea ada ya chuo. Swali la mkewe lilikuwa ndilo hasa lililopasa kuulizwa, na mahali pa kuliuliza palikuwa mezani kwa wakala, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

MAANA YA BIMA

Bima si jambo geni kama watu wadhanivyo. Vijijini mwetu mna vyama vya kuzikana. Kila nyumba hutoa fedha kidogo kila mwezi, na penye msiba chama hununua sanda na jeneza na kuwalisha waombolezaji. Nyumba nyingi hutoa kwa miaka bila kupokea kitu, wala hazisemi kwamba zimeibiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kimfaacho aliyefikiwa na siku mbaya. Bima ya gari ni vivyo hivyo: maelfu ya wenye magari hulipa ada, na wachache wanaopatwa na ajali hutolewa katika mfuko ule.

Wako wanaosema ya kuwa kukata bima ni kukosa imani. Lakini hao hao hufunga milango yao usiku, na katika chama cha kuzikana wamo. Kujihadhari si kukosa imani.

MTU WA TATU NI NANI?

Hapa Tanzania watu husema "bima ndogo" na "bima kubwa". Bima ndogo, katika hati, huitwa bima ya mtu wa tatu. Jina hili huwachanganya wengi, kwa hiyo tulifafanue. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye gari. Mtu wa pili ni kampuni ya bima, kwa kuwa ninyi wawili ndio mliopatana. Mtu wa tatu ni yule asiyekuwamo katika mapatano yenu, naye ameumizwa au ameharibiwa mali yake na gari lako: mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli, mwenye gari lingine, au mwenye duka ulilolivunja ukuta.

Bima hii ndiyo inayolazimishwa na sheria. Uingereza iliilazimisha mwaka 1930, na nchi zetu za Afrika ya Mashariki zikafuata njia hiyo hiyo. Sababu yake ni nzuri. Gari lina nguvu kuliko mfuko wa mwenyewe. Mtu wa mshahara mdogo aweza kwa dakika moja kumtia mwenzake hasara asiyoweza kuilipa maisha yake yote. Kwa hiyo serikali husema: hutaingia barabarani mpaka umeweka tayari fidia ya yule utakayemwumiza. Sheria yamwangalia jirani yako kwanza. Hali ya gari lako na deni lako imekuachia wewe mwenyewe uiangalie, na hapo ndipo kuchagua kunapoanza.

NGAZI TATU

Ngazi ya kwanza ni hiyo bima ndogo. Humlipa mtu wa tatu kwa mauti, kwa maumivu ya mwili, na kwa mali yake kwa kadiri iliyoandikwa katika hati. Gari lako likivunjika, likiungua, likiibwa au likichukuliwa na maji, hupati hata senti moja.

Ngazi ya pili ni bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hufanya yote ya ngazi ya kwanza, na zaidi ya hayo hukulipa gari lako likiungua au likiibwa. Lakini ukiligonga mwenyewe juu ya mti, matengenezo ni juu yako.

Ngazi ya tatu ni bima kubwa. Hii hubeba mambo ya mtu wa tatu, na moto, na wizi, na pia madhara ya ajali kwa gari lako mwenyewe, hata kama kosa lilikuwa lako. Mara nyingi hubeba na mafuriko, lakini usidhani tu, uliza. Watu wa Dar es Salaam wakumbuka mvua ya Desemba 2011, jinsi bonde la Jangwani lilivyojaa maji na mali nyingi kuharibika. Mwenye bima ndogo ambaye gari lake limezama hana wa kumdai.

Hata hivyo, bima kubwa si ya mambo yote. Injini iliyochoka, matairi yaliyokwisha na rangi iliyopauka hayatengenezwi na bima. Hayo ni matunzo, na matunzo ni kazi ya mwenye gari.

NAMNA YA KUCHAGUA

Watu wengi huchagua kwa kutazama bei ya bima. Njia iliyo bora ni kutazama kwanza hasara. Mume na mke na waketi pamoja, wajiulize maswali matatu.

La kwanza: Gari hili likipotea leo, nyumba yetu yaweza kusimama? Yaani, twaweza kununua lingine, au kuishi bila gari, pasipo kuuza shamba wala kuwatoa watoto shuleni? Kama jibu ni hapana, hasara hiyo ni kubwa kuliko mabega yenu, na yafaa kuitwika kampuni. Kama jibu ni ndiyo, yawezekana kwamba bima ndogo yawatosha.

La pili: Gari lina deni? Gari la mkopo likifa, mkopo haufi nalo. Ndiyo maana mabenki mengi, yakishika gari kuwa rehani, humtaka mkopaji akate bima kubwa. Lakini aliyekopa kwa dhamana ya mshahara wake aghalabu halazimishwi na mtu, kama yule mwalimu, kwa hiyo hana budi kujilazimisha mwenyewe.

La tatu: Gari lalala wapi, lapita wapi, na lafanya kazi gani? Gari linalolala ndani ya ua wenye lango na kutoka siku ya gulio tu, haliko sawa na gari linalolala kando ya barabara na kwenda safari ndefu kila juma. Na gari linaloleta riziki ya nyumba, likisimama, riziki nayo husimama.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue gari la yule mwalimu, la shilingi 12,000,000, na tuseme kampuni inadai 3.5 kwa mia ya thamani. Hiyo ni shilingi 420,000. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia, yaani 75,600, jumla 495,600. Bima ndogo ilikuwa 100,000 na kodi 18,000, jumla 118,000. Tofauti ni shilingi 377,600 kwa mwaka, nayo ukiigawa kwa miezi 12 haizidi 31,500 kwa mwezi. Mwalimu aliona 377,600 kuwa fedha nyingi, na kweli ni nyingi. Lakini alizipima na mfuko wake wa siku ile, hakuzipima na shilingi 12,000,000 zilizosimama uani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini tazama na upande wa pili. Gari kuukuu la shilingi 3,000,000 haliongozi kwenye hesabu ile ile. Makampuni mengi yana kiwango cha chini cha ada ambacho hayashuki chini yake, hata gari liwe la bei ndogo namna gani, na mengine hayapendi kuyakatia bima kubwa magari yaliyozeeka sana. Kwa gari la namna hiyo mtu aweza kulipa ada kubwa kwa ajili ya fidia ndogo. Kwa hiyo msimcheke mwenye bima ndogo, wala msimsifu mwenye bima kubwa, mpaka mjue hesabu yake.

MAMBO YA KUANGALIA KATIKA HATI

Ukiisha kuchagua ngazi, kazi haijakwisha. Yako mambo ambayo huifanya hata bima kubwa kuwa ndogo.

Taja thamani ya kweli. Wengine hupunguza thamani ili ada ishuke. Tuseme gari la 12,000,000 umeliandika 6,000,000. Likigongwa na matengenezo yakawa 2,000,000, kampuni yaweza kusema, "Umekata bima ya nusu ya gari, basi twalipa nusu ya hasara," ukapata 1,000,000. Na wengine hutaja thamani kubwa mno wakitumaini faida, lakini bima hurudisha kilichopotea, haimtajirishi mtu. Kampuni hulipa bei ya soko ya siku ya ajali. Kwa kuwa bei ya gari hushuka kila mwaka, thamani ipimwe upya kila unapokata bima mpya.

Uliza sehemu yako. Katika bima nyingi mwenye gari hubeba sehemu ya kwanza ya kila hasara, na kampuni hulipa iliyobaki. Ikiwa sehemu hiyo ni 10 kwa mia, katika matengenezo ya 2,000,000 wewe utatoa 200,000. Wakati mwingine bima ya bei rahisi imerahisishwa kwa kuifanya sehemu hii kuwa kubwa.

Sema kweli juu ya kazi ya gari. Gari lililoandikwa kuwa la nyumbani, kisha likachukua abiria wa nauli asubuhi na jioni, laweza kunyimwa fidia. Kadhalika dereva asiye na leseni, au aliyelewa. Usimpe kijana wa jirani ufunguo kwa huruma kama hana leseni.

Uliza kikomo cha mali ya mtu wa tatu, na habari za abiria wako. Ukigonga gari la thamani kubwa, na hati yako ina kikomo kidogo, kinachozidi kitadaiwa kwako. Na usidhani ya kuwa mkeo na watoto waliomo garini wamo katika bima ndogo. Uliza, kisha uonyeshwe mahali palipoandikwa.

Hakikisha bima yako ni ya kweli. Baada ya sheria ya mwaka 1996 kuruhusu makampuni ya watu binafsi kuuza bima kando ya shirika la taifa, wauzaji wamekuwa wengi, na pamoja nao wamejitokeza wadanganyifu wenye stika za bandia. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, imeweka njia ya kuhakiki kwa simu au kompyuta kwa kuandika namba ya gari. Fanya hivyo siku ile ile. Tena kumbuka: bila malipo hakuna bima. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haimlindi mtu.

Ukivuka mpaka, chukua kadi. Bima ya Tanzania haiendi nawe Kenya wala Zambia kwa nafsi yake. Iko Kadi ya Njano ya COMESA inayotambulika katika nchi nyingi za jirani, nayo humlinda mtu wa tatu wa nchi ile. Mambo ya gari lako mwenyewe ng'ambo ya mpaka, uulize kampuni yako kabla ya safari.

SIKU YA AJALI

Ikitokea ajali, kwanza wasaidie walioumia. Majeruhi apelekwe hospitali, na apate fomu ya PF3 ya polisi. Ita polisi, piga picha, andika majina ya walioona. Mpe pole aliyeumia, lakini usikiri kosa wala usiahidi fedha hapo barabarani, maana waweza kuifunga mikono kampuni itakayokutetea. Ipe kampuni habari mapema, ndani ya siku zilizotajwa katika hati, wala usitengeneze gari kabla halijakaguliwa. Na ukiona umenyimwa haki yako, andika malalamiko kwa kampuni kwanza. Wasipokusikiliza, peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kazi ya ofisi hiyo ni kusuluhisha mambo ya namna hii.

Sasa turudi kwa rafiki yangu. Alimaliza deni lake, na binti yake akaenda chuoni. Baadaye akanunua gari lingine, kuukuu, la shilingi 4,000,000, kwa fedha taslimu, bila mkopo. Safari hii alikwenda kwa wakala pamoja na mkewe. Wakauliza maswali yote. Bima kubwa ilikuwa 295,000, na ndogo 118,000. Wakaenda kuketi chini ya mwembe, wakapiga hesabu: gari halina deni, shule i karibu, gari latoka siku za gulio na za ibada tu, na likipotea nyumba itaumia lakini haitaanguka. Wakakata bima ndogo. Ile tofauti ya shilingi 177,000 wakaitia katika akiba ya gari, wakaapa kutoigusa.

Nilipomwuliza, "Mwalimu, umerudia yale yale?" alitabasamu, akanijibu, "Hapana. Mara ya kwanza niliikata kwa kutojua. Mara hii nimeikata kwa kujua, na mama watoto amekubali."

Basi, ndugu msomaji, kabla stika yako haijakwisha muda, itoe hati sandukuni. Muite mwenzako, isomeni pamoja, na mjiulize lile swali la mke wa mwalimu: hii yatulinda sisi, au yawalinda watu wa njiani? Watu wa njiani ni haki yao kulindwa. Kisha jibuni kwa hesabu habari ya nyumba yenu.